Kikaango Kimoja, Vijiko Viwili

Kwa mjukuu wangu, mke mwenza wa bibi yako,

Juzi niliagiza chakula kwa Kihispania na mhudumu akanielewa. Haya, nimedanganya: nilinyooshea kidole chakula cha meza ya jirani. Ahsante sana kwa kutuwekea nafasi kwenye mkahawa ule wa Wahispania pembezoni mwa mji. Bibi yako, tangu tumzike dada yake, alikuwa anaonja chakula kama anayepima chumvi, nguo zote zinampwaya, nami roho mkononi.

Wakaleta wali wa njano kwenye kikaango kipana kama ungo, na vijiko viwili.

"Sahani ziko wapi?" akauliza.

"Kwao mke na mume wanakula humohumo. Ukibakisha upande wako, mpishi anajua umemchoka mumeo."

"Nimekuchoka zamani, mzee wewe."

Akala upande wake wote, akavamia na wangu. Nilishukuru kimoyomoyo, mdomo umejaa.

Siku hizi hata nyumbani tunakula sufuriani. Ila ameanza kunishuku, anasema atakuuliza wewe uliyesoma. Ulipovunja birika lake, mimi nilimsingizia paka, na fadhila hiyo hujairudisha. Akikupigia, mwambie ndiyo, ni desturi yao.

Ni mimi babu yako, ninayelala na njaa kwa raha zangu.