Chupa Iliyobanduka Lebo

Mjukuu wangu Nanjala,

Pokea salamu kutoka Tuwan. Mvua imechelewa hapa Kitale, na mama yako ameenda Bungoma kukaa na nyanya yako hospitalini. Umeniuliza anaumwa na nini. Madaktari wamempima damu na tumbo, lakini bado hawana hakika.

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa kemia alipata stoo chupa ya chumvi nyeupe iliyobanduka lebo, akanipa niitambue. Niliiyeyusha, nikatia amonia, maji yakawa meupe kama maziwa, na hata nilipozidisha hayakurudi kuwa safi. Baada ya vipimo vingine tulibaki na majibu mawili: aluminiamu, au madini ya risasi, ambayo ni sumu. Dawa ya kipimo cha mwisho ilikuwa imeisha.

"Niandike aluminiamu, mwalimu?" nikauliza.

"Umeona, ama unatamani?"

"Natamani."

"Basi andika yote mawili, uifungie chupa kabatini."

Niliandika hivyo kwa shingo upande. Dawa haikuletwa, nami nikamaliza shule bila kujua.

Nanjala, natamani sana kukuandikia kwamba ni vidonda vya tumbo tu. Daktari anasema huenda ni hivyo, huenda ni saratani, majibu hayajarudi. Nyanya yako amekonda. Jana alimwambia mama yako aniulize kama umepata ruhusa ya kusafiri. Usingoje majibu, mjukuu wangu. Njoo.

Babu yako