Mkono wa Mashine ya Kahawa

Kasama, Zambia

Kaka Elia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulizaliwa kabla yangu. Sababu nyingine sijaiona. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua. Goti la Mama sikuulizi wewe, maana ungelijali usingemfanya apande kilima na ndoo kutafuta maji.

Barua yako nimeipata. Kurasa mbili unalia kwamba mkono wa kuzungushia mashine ya kumenyea kahawa umeibiwa, msimu ndio umeanza, na unamshuku jirani. Kuhusu mto, hata mstari mmoja! Mashine ile nilikununulia mimi, wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Iyula na kila mtu akataka kumenya kahawa yake nyumbani. Wewe ukaifunga ukingoni mwa mto ili maganda yaanguke majini yenyewe, usichoke kuyabeba. Sasa maji yananuka, kaa wamekufa, vyura kimya. Nilipokuja Krismasi nikakukanya, ulinijibu nini?

"Mto hauna mwenyewe, Neema. Maji yatayachukua."

Yayapeleke wapi? Kwa watoto wa watu kule chini?

Kazi yangu huku shambani ni maganda hayo hayo. Tunayalundika mbali na mto, tunachanganya na samadi na majani, tunapindua mpaka mikono inakufa ganzi. Maji ya kuoshea kahawa yanaishia shimoni. Lundo likiiva linakuwa mbolea nyeusi iliyojaa nyungunyungu, tunairudisha kwenye mibuni. Nilipofika, kijito cha hapa kilikuwa kimekufa kama mto wenu. Mwaka huu nimemwona yule ndege wa bluu akivua samaki pale pale, nikalia. Wewe unamwaga mbolea mtoni, kisha unapanda basi kwenda Vwawa kununua ya mfuko. Una akili kweli?

Jirani muombe radhi. Mkono wa mashine uko chini ya kitanda changu. Mama aliufungua mwenyewe, akauviringisha kwenye kanga, akampa dereva wa lori anayetuletea barua kupitia Tunduma. Alimwambia, "Mpe Neema auchunge mpaka kaka yake achimbe shimo."

Basi hamisha mashine, uchimbe. Kahawa inakuivia mtini, najua. Mama akiniandikia kwamba shimo ameliona, nautuma siku hiyo hiyo.

Wasalimie shangazi na mzee wa kanisa. Mama usimguse kwa neno. Na mkeo, wifi yangu mpenzi, msalimie sana: ndiye aliyemshikia Mama spana.

Mdogo wako, mwenye hasira bado,
Neema