Gambuti Moja Mguuni, Nyingine Mkononi

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kuamua kabla ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo ndiyo binti yangu anapaswa kuwasilisha chuoni, kule Ruiru, fomu ya idhini yenye sahihi yangu, na fomu hiyo nimemwambia imepotea ilhali imo ndani ya mkebe wa unga, nimeifunga kwa karatasi ya nailoni, na kila nikipika ugali naiona.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, ninaishi Kamenu, na kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa mkaguzi wa chupa katika kiwanda cha juisi hapa Thika, kazi ambayo ni kuketi mbele ya taa nyeupe na kutazama chupa zikipita kwenye mkanda ili niitoe ile yenye ufa au uchafu. Binti yangu Viola anasomea utengenezaji wa filamu, na kazi yake ya kumaliza masomo ni filamu ya dakika ishirini na sita kunihusu mimi, nami nilikubali nikidhani atanihoji, nikashona hata kitenge kipya, kumbe hakutaka kuniuliza lolote, alisimamisha kamera karibu na mlango akaniacha nifanye ninayofanya kila asubuhi, na sasa filamu yenyewe ni mimi nikingoja mtungi wa maji ujae, mimi nikikunja neti ya mbu, mimi nikipiga pasi koti la kazi, wala hakuna muziki, hakuna anayegombana, hakuna anayekufa.

Jirani yangu Idah aliiona kwenye simu yangu akacheka mpaka akaketi. "Mama Viola, hii ni sinema ama ni kamera ya supamaketi? Mimi hapa nangoja mwizi aingie!" Nilipomwomba Viola aikate ibaki dakika tano, na atie wimbo hata mmoja wa injili, alinijibu, "Mum, nikiweka wimbo nitakuwa nawaambia watu wahisi nini. Mimi nataka wakuangalie tu." Nikamuuliza, "Waangalie nini na hakuna kitu inafanyika?" Tangu siku hiyo tunazungumza habari za chakula pekee.

Linaloniudhi zaidi liko karibu na mwisho, ambapo nimevaa gambuti moja, kiatu changu cha mpira cha kazini, na nyingine nimeishika mkononi, nimeketi kitandani, na ninakaa hivyo tu kwa dakika tatu na sekunde hamsini kabla ya kuivaa na kutoka. Sikujua kwamba kamera bado ilikuwa inachukua. Viola amewaalika waje kuitazama wanawake wote wa laini yetu kiwandani pamoja na supavaiza wetu, Bwana Mulei, na tangu baba yake atuache miaka sita iliyopita sijawahi kumwambia mtoto huyu kwamba nimechoka, hata siku moja, kwa kuwa nilitaka asome bila kunionea huruma. Bila sahihi yangu filamu haitaonyeshwa na hatahitimu mwaka huu. Je, nitie sahihi nichekwe, au nikatae? Na kuna watu wazima kweli wanaopenda filamu za namna hii?

Dorine, Kamenu

*

Dorine,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo rahisi. Wapo, nami ni mmoja wao. Filamu tulizozoea hutushika mkono na kutuonyesha pa kutazama: muziki ukipanda tunajua ni wakati wa kuogopa, uso ukisogezwa karibu tunajua ni wakati wa kulia. Filamu aliyotengeneza binti yako huuachilia mkono huo. Dakika ya kwanza unachoka, ya pili unatafuta simu, na ya tatu, kama bado umeketi, unaanza kuona: jinsi mtungi unavyobadilisha sauti maji yakikaribia shingoni, jinsi mtu anavyosimama asipojua anatazamwa. Unagundua kwamba ulichokuwa ukikingoja kilikuwa kikitokea muda wote. Si kila mtu anaipenda raha hiyo, na Idah hana kosa kwa kucheka. Lakini wewe, kati ya watu wote, huna haki ya kusema hakuna kinachofanyika. Kwa miaka kumi na mitatu umetazama chupa zinazofanana, ukijua kwamba ufa hauonekani kwa anayepitisha macho tu. Sidhani mwalimu wa Viola ana jicho lililofunzwa kuliko lako.

Na jicho hilo ndilo lililofichua siri yako. Hukuniambia mtungi ulichukua dakika ngapi kujaa, wala koti lilipigwa pasi kwa muda gani. Gambuti umeipima mpaka sekunde. Hakuna anayepima hivyo jambo lililomchosha. Umeirudia sehemu hiyo mara nyingi, kwa hiyo tuache kuusingizia muziki. Huogopi kwamba wageni watachoka. Unaogopa kwamba hawatachoka, na wataona.

Hofu hiyo naiheshimu. Ulikubali kuchukuliwa wakati unajua kamera inafanya kazi, si wakati hujui, na hapo Viola amekosea: alipaswa kukuketisha na kukuuliza kuhusu dakika hizo kabla ya kumwalika hata mgeni mmoja. Mwambie hivyo bila kuzunguka. Lakini kosa lake halifuti lako. Umemwacha mtoto aamini kwamba kazi yake haina maana, ukaficha na fomu yake katika unga, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema filamu inachosha kuliko kusema wewe umechoka.

Kuhusu Bwana Mulei na wenzako wa laini, jiulize ni nani kati yao hajawahi kuketi na kiatu mkononi saa kumi na moja alfajiri. Siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna atakayecheka. Naweza kukwambia tu kwamba watakaonyamaza watakuwa wengi kuliko unavyodhani.

Leo jioni toa fomu kwenye mkebe, ipanguse, umwambie Viola ilikuwa wapi. Kisha itazameni filamu pamoja, yote, kwenye kompyuta yake wala si simuni, bila maneno na bila wewe kuinuka kwenda kuangalia sufuria. Mkifika kwenye gambuti, usimweleze ulichokuwa ukiwaza; hata mimi sitaki kujua, na filamu yenyewe haiulizi. Mwambie jambo moja: kwamba kuna asubuhi ambazo unachoka, na alichokiona ni kweli. Hilo ulilomficha miaka sita ndilo zito hapa, na yeye tayari analijua. Ameliona kupitia lenzi akalichukua kwa uangalifu, bila kukukatiza.

Baada ya hapo uamuzi ni wako. Ukitaka sehemu hiyo itolewe, itolewe, nawe utie sahihi kwa iliyobaki bila kinyongo, maana mtungi na pasi havina cha kukuaibisha. Ukitaka ibaki, ibaki nzima, na usimruhusu akate hata sekunde moja kwa kukuhurumia. Kukataa kutia sahihi kabisa hakumo katika ushauri wangu.

Siku ya maonyesho vaa kile kitenge. Keti mahali Viola anapoweza kukuona, na kama gambuti imebaki, usitazame chini.