Shahidi wa Wosia wa Shangazi

Shoga, tumetoka kwa wakili sasa hivi.

Shangazi, si unajua alivyouguza watu hospitali ya serikali miaka thelathini? Kaandika wosia: akifa, nyumba yake iuzwe, pesa zisomeshe vijana watakaokwenda kufanya kazi hospitali za serikali.

Baba akapiga meza. "Dada, umerogwa? Serikali imekupa nini zaidi ya mgongo mbovu?"

Alisema hivyo mbele ya wakili! Mgongo mbovu!

Shangazi wala hakupandisha sauti. "Imenipa nyumba unayoitolea macho." Akatia saini.

Wakili akaniomba niwe shahidi. Baba akanigeukia: "Ukishika kalamu hiyo, usikanyage kwangu."

Shoga, nimeishika. Herufi zimepinda, lakini jina langu lipo pale.

Nakuja kwako. Sina hata nguo ya kubadilisha.