Zamu Moja, Mzigo Mmoja wa Majani

Mpendwa Mama Aminieli,

Shikamoo. Najua utataka habari za ng'ombe kabla ya habari za watu, kwa hiyo naanza na yeye. Rozi mzima, anakula, na bado ananipiga teke kila jioni kama ulivyomzoesha. Watu nao hawajambo. Mama Naomi amemaliza masomo yake ya uuguzi kule Mwanza na amerudi nyumbani. Naomi ameanza darasa la kwanza, na meno mawili ya mbele yamemng'oka.

Ni miezi mitatu sasa tangu mwanao aje na gari akuhamishie Dodoma, ukatuachia funguo, ng'ombe na masharti. Nimekukumbuka sana, mama. Ningekuambia kwa simu, lakini kwenye simu huwa unanikatisha kwamba vocha inaisha, hata ninapokuwa nimepiga mimi.

Unakumbuka nilivyokuja kwako mara ya kwanza? Mama Naomi alikuwa na wiki tatu tu chuoni, na mimi ni mpishi wa hoteli. Ratiba ya zamu ilibandikwa Jumapili kwenye mlango wa friji, Jumatatu linaingia kundi la wageni wa safari, ratiba inabanduliwa. Kile kituo cha kulelea watoto kilifungwa saa kumi na moja jioni, na ukichelewa unatozwa faini kwa kila nusu saa. Mwezi wa kwanza faini ilizidi ada. Mwalimu aliniambia kwa upole kwamba wanampenda sana Naomi, ila nimtafutie mahali pengine.

Na kule Machame mama mkwe alikuwa ameshatandika kitanda. "Mwanamume peke yake hawezi mtoto," alisema. "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua." Niliogopa, mama. Mtoto wa miaka minne, ningekuwa namwona Krismasi na Pasaka kama mjomba wa mbali.

Basi nikavuka ua, nikaja kwako na bahasha, nikuombe uniangalizie Naomi nikiwa kazini. Hata hukuifungua.

"Pesa yako ya nini, Baba Naomi? Leo unayo, kesho wamekupunguzia zamu, utaanza kunikwepa njiani. Mimi nataka majani. Zamu moja, mzigo mmoja."

"Majani, mama?"

"Ya Rozi. Ukitoka kazini unashuka bondeni kwenye mfereji, unakata. Na mtoto uende naye. Nikishinda naye kutwa nzima, masikio yangu nayo yapumzike."

Sasa mimi nimezaliwa Machame, lakini kwetu majani walikata mama na dada zangu. Mimi nilisubiri maziwa. Siku ya kwanza nilifunga mzigo kwa lile fundo ninalofungia nyama ya kuoka. Ulifumuka katikati ya barabara, mbele ya kijiwe cha bodaboda. "Shefu! Wageni leo wanakula nini?" Naomi alishika kiuno, akawajibu, "Ni chakula cha Rozi, siyo chenu!" Tangu siku ile naitwa Baba Rozi, na sijui kama kuna mtu hapa kwetu Kimandolu anayekumbuka jina langu jingine.

Nakiri kwamba nilikukasirikia. Tangu alfajiri nimekaanga mayai ya watu wa mataifa yote, miguu imevimba, wenzangu wanakwenda kulala, mimi nashika mundu. Nyuma yangu Naomi na kijimzigo chake kama ufagio, anaongea bila kituo. Kuku gani kamdonoa nani. Kwa nini Rozi anatafuna wakati hana kitu mdomoni. Siku moja alitaka kujua mlima Meru unakwenda wapi mawingu yakija. Nikamwambia haujaenda popote. Hakuniamini, ikabidi tukae chini kwenye nyasi mpaka uonekane.

Halafu kuna siku nilijifanya mjanja. Nikanunua mzigo kwa wale wauza majani wa barabarani, majani mazuri, mabichi, nikaubeba kutoka kona ya kwako tu. Naomi akafika wa kwanza. "Shikamoo bibi, baba amenunua." Uliutazama ule mzigo ukasema Rozi hali majani ya kununua. Wakati huo Rozi ameshaingiza kichwa mpaka kwenye pembe. "Anaonja tu," ukasema. Kesho yake nilikata mizigo miwili.

Siku aliyokuja mama mkwe sitaisahau. Hakutoa taarifa. Alitukuta njiani mchana, na begi tupu la kutilia nguo za Naomi mkononi. Mimi nimefunikwa na majani kichwa na uso, mpaka mabegani. "Hujambo, mama," akaniambia. "Huyu si Naomi? Baba yake yuko wapi?" Nikasema, "Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Ulimkaribisha, ukampa maziwa ya mgando, ukanyamaza. Wewe, kunyamaza! Akamwita Naomi, akamwambia waende Machame, kuna migomba, kuna binamu zake.

"Siku ngapi?"

"Mpaka mama yako arudi."

Naomi alifikiri. "Haiwezekani, bibi. Baba atakata majani na nani? Yeye hajui kufunga."

Mama mkwe alinitazama, mimi na shati langu la hoteli lililojaa mbegu za nyasi. Kisha akasema, "Basi. Nitakuwa nakuja kumsalimia." Alirudi Machame na begi limejaa parachichi zako.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta jembe, nikafungua kile kimlango nyuma ya zizi. Miaka yote nilidhani ni cha choo. Mama Aminieli, kule nyuma kuna matete! Mistari kwa mistari, yamenizidi urefu, na visiki vya chini vinaonyesha yalikuwa yakikatwa mpaka ulipoondoka. Yanatosha ng'ombe watatu. Nilikutukana kidogo, unisamehe. Nikakupigia, "Mama, haya matete ni ya nani?" Ukasema vocha inaisha.

Nikageuza ndoo nikakaa. Nikajiuliza, bila ile saa ya bondeni ningekuwa baba wa namna gani? Ningetoka kazini, ningempokea mtoto, ningemlisha, tungelala. Karibu kila ninachokijua kuhusu binti yangu nilikisikia kule mferejini, mgongo umepinda, nikikulaani. Asante, mama. Nililia, na aliyeniona ni Rozi peke yake.

Kesho nina zamu ya alfajiri. Mama Naomi anashauri tukate haya ya nyuma ya zizi, ni hatua kumi tu. Nimemwambia hayo ni ya mwenyewe, akirudi ayakute. Naomi akitoka shule tutashuka bondeni, mimi na mundu wangu, yeye na maneno yake. Siku hizi mzigo wangu ananifungia yeye.

Mwanao wa ng'ambo ya ua,
Baba Rozi