Upinde wa Mvua Uliopigiwa Kura

Jumamosi, jioni, Tetu. Tangu asubuhi kumekuwa na ile mvua yetu nyembamba, ambayo haikulowanishi ukienda chooni lakini inakulowanisha ukienda dukani. Mlima hatujauona siku nzima. Nguo nilizoanika juzi bado ni mbichi, paka amekalia kiti changu, nami nina furaha hata sijui niiweke wapi.

Nimeshinda.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana najua kuna wasomaji wa blogu hii ambao huingia mara moja kwa mwaka kuangalia kama bado niko hai.

Kwa miaka mingi niliuza vitabu katika duka la mtu mjini Nyeri. Duka lilipofungwa, mwenyewe aliniambia nichukue vile vilivyokosa wanunuzi. Vikaja nyumbani kwa maboksi, vikaingia chini ya kitanda, nyuma ya kochi, juu ya kabati. Mume wangu, Baba Ciku, ni mtu mpole, lakini hata mpole huchoka kujigonga kidole cha mguu kwenye riwaya. Tangu wakati huo nimekuwa na hamu moja tu, nayo ni kupata watu wa kuzungumza nao habari za vitabu. Sitaki watu wa kwenye simu. Nataka watu walioshika vikombe, wanaokatizana maneno.

Na watu nilio nao ni chama changu. Tuko wanawake saba. Kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunaomba, tunakunywa chai, kisha tunampa mwenye zamu vyombo vya nyumba. Mwanzoni mwa mwaka niliwaomba tuongeze saa moja ya vitabu. Mara ya kwanza niliwapa wote vitabu vya hadithi ileile, nusu wakasema ni ya watoto wa shule na nusu wakasema ni ndefu mno. Mara ya pili kila mmoja akachagua anachopenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Huyu anaongea mapenzi, yule anaongea mbolea, hakuna aliyekuwa na la kumuuliza mwenzake. Kila mtu alibaki akizungumza na chai yake.

Mwenyekiti wetu, Mama Kibe, ni mfugaji wa kuku na hapendi kupoteza dakika. Alisema saa hiyo apewe muuza sufuria mmoja aliyetaka kuja kutuonyesha bidhaa zake.

Niliumia, sitaficha. Nilirudi nyumbani nikalia nikimenya viazi, na nilipoulizwa nikasema ni vitunguu. Jikoni hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Siku chache baadaye nilikuwa napanga maboksi upya ndipo nikaona. Kitabu cha watoto, jalada lake lina upinde wa mvua. Chini yake riwaya ya upelelezi, nikakumbuka kwamba mle ndani kuna shahidi anayezungumza juu ya upinde. Riwaya ya mapenzi inamalizikia chini ya upinde, kituoni, wapenzi wamelowa chapachapa. Kijitabu cha hali ya hewa kwa wakulima kina sura nzima inayoeleza unavyotokea. Kitabu cha mafundisho ya kanisa kina gharika na agano. Mashairi nayo yalikuwa na wake, na hadithi za kale za kwetu zilikuwa na wake, wa kutisha kidogo. Dukani tungeviweka kwenye rafu zilizo mbali kabisa, na vyote vilikuwa na kitu kimoja ndani.

Nikakaa sakafuni. Kila mtu angepata kitabu cha aina yake, halafu sote tungekuwa na swali moja la kuulizana. Kwako wewe, upinde umefanya nini?

Mwezi uliofuata zamu ya kupokea vyombo ilikuwa yangu. Nikasimama nikasema sivitaki. Badala yake, kila mmoja achukue kitabu kimoja kwangu akakisome mpaka mwisho.

Kwetu, kukataa zamu si jambo dogo. Unawafanya waliopokea kabla yako waonekane walafi, na watakaopokea baada yako waone aibu kunyoosha mkono. Mama Kibe alinitazama vile anavyotazama kuku anayekataa kula.

"Sawa, Mama Ciku," akasema. "Lakini zamu ikienda imeenda. Na hii maneno ya vitabu, kama hata mtu mmoja hatamaliza yake, tusiisikie tena. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Nikatoa vitabu, vimefungwa kwa gazeti, na juu ya kila kimoja nimeandika jina. Niliwafikiria wiki nzima. Cha kanisa nilikuwa nimempangia Mama Kibe, maana ni mzee wa kanisa. Mapenzi nilimpangia Wairimu, msusi wetu, ambaye ni kijana. Hali ya hewa nilimwekea Mama Shiro, mwenye kahawa nyingi kuliko sisi wote. Cucu Nyaguthii, yaani bibi yetu sote, mkubwa wetu kwa umri, nilimpangia hadithi za kale.

Mama Kibe akayasoma yale majina, akatikisa kichwa. Katika chama chetu hakuna anayemchagulia mwenzake. Kuanzia zamu mpaka nani ataosha vikombe, yote huamuliwa kwa vikaratasi vilivyokunjwa na kuchanganywa kwenye kifuniko cha sufuria. Nilijua, ni miaka sasa nakunja vikaratasi hivyo, lakini nilikuwa na raha nyingi kiasi kwamba nilisahau. Tukapiga kura, na kura yetu haibadilishwi.

Mpango wangu wote ukaenda mrama mbele ya macho yangu. Mama Kibe akapata mauaji. Wairimu akapata hali ya hewa. Mama Shiro akapata mafundisho ya kanisa, naye huenda kanisani hasa kwa ajili ya kwaya. Mapenzi yakamwendea Cucu Nyaguthii. Alishika kile kitabu, akatazama jalada lenye kijana aliyefungua vifungo vya shati, akauliza kama huyo mtoto hasikii baridi.

Mwezi huo sikulala vizuri. Nilimwona Mama Kibe sokoni nikajificha nyuma ya magunia ya kabichi ili asije akaniambia anakirudisha.

Leo wakaja kwangu. Wote, na mvua yao.

Mama Shiro akaanza, amekasirika. Akasema amesoma kitabu kizima akiutafuta huo upinde, na ukatokea karibu na mwisho kabisa, kwa aya moja tu. "Ati nimetembea hiyo njia yote juu ya aya moja," akasema. Nikaogopa. Halafu akaendelea kutuambia yaliyokuwa kwenye hiyo njia yote, watu waliokataa kuingia safinani, jinsi mke wa Nuhu asivyopewa hata neno moja la kusema, na anavyofikiri angesema nini baada ya kukaa na wanyama wale wote ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Kumbe alikuwa amekipenda kwa hasira.

Wairimu akavua kofia yake ya sufu. Alikuwa amejisuka rasta za rangi, kwa mpangilio uleule wa kitabu, nyekundu kwa nje mpaka zambarau kwa ndani. Akatueleza mwanga unavyoingia kwenye tone la maji na kutoka umepinda, akionyesha kwa rasta, na wateja wake wawili tayari wametaka kusukwa hivyo. Sijawahi kuona kijitabu cha wakulima kikivaliwa kichwani.

Mwenye mashairi alisoma beti mbili kwa sauti, mwenye kitabu cha watoto akakiri ameshindwa kumnyang'anya mjukuu wake. Mimi, ambaye kura ilinipa hadithi za kale, nikawasimulia ule upinde wa humo, ambao si pambo la mbinguni hata kidogo. Ni mnyama anayeishi majini, anayetoka kula mbuzi na watu. Cucu Nyaguthii akaitikia kwa kichwa. Akasema alipokuwa msichana walikatazwa kwenda mtoni ukiwa umesimama, na kwamba hata leo, akiuona, jicho lake la kwanza huenda kwa mbuzi.

Kisha zamu ya Cucu ikafika. Akakisimulia kitabu chake chote, tangu kituoni mpaka kituoni, bila kuona haya, na akalalamika kwamba mke wa mwanawe, Njoki, alikuwa akiruka kurasa fulani alipokuwa akimsomea. "Nilijua anaruka," akasema. "Walikuwa kwa mlango, mara wako kwa kitanda asubuhi. Nikamwambia arudi nyuma asome vizuri."

Tulicheka mpaka tukamwaga chai. Mama Shiro ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Lakini Cucu hajasoma," akasema. "Amesomewa. Tulikubaliana kila mtu asome."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu wa haki, na chama huendeshwa kwa haki. Niliyatazama yale maboksi ukutani nikayaona yakikaa pale miaka na miaka, nami nikikaa kando yake. Nilitaka kumtetea Cucu, macho yake yana mtoto wa jicho na kila mtu anajua, ila nikachelewa. Wote wakamgeukia Mama Kibe, ambaye alikuwa bado hajasema neno juu ya kitabu chake, na ambaye tangu mwanzo hakuitaka saa hii.

Mama Kibe akaweka kikombe chini.

"Mimi miwani yangu ilikanyagwa na kuku wiki ile ile mlinipatia hiyo kitabu," akasema. "Ni mzee wangu amenisomea. Kila jioni. Nikimwambia akuje tulale, anasema ngoja kwanza nijue nani ameua."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hatukujua tumeruhusiwa.

Ndipo akatusimulia. Shahidi mmoja kitabuni anasema kwamba jioni ile, jua likizama, alikuwa amesimama mlangoni akitazama upinde wa mvua upande wa magharibi. Mzee akafunga kitabu akasema huyu ni mwongo, upinde haukai upande ulio na jua. Mama Kibe akasema upinde hukaa unapotaka. Wakabishana siku mbili, ugali ukaliwa kimya. Siku ya tatu jua likatoka kidogo jioni, mzee akachukua lile bomba la kunyunyizia kahawa dawa, akaliosha, akatia maji matupu, wakaenda nyuma ya zizi la ng'ombe. Akanyunyiza kuelekea jua. Hakuna kitu. Akaligeuzia jua mgongo, akanyunyiza tena, na hapo mbele yao, juu ya nyasi za ng'ombe, ukasimama upinde mdogo, wenye rangi zote.

"Nikajua ni yeye ameua," Mama Kibe akasema. "Na sijashikwa mkono na huyo mzee tangu tuoane kwa kanisa, lakini siku hiyo tulishikana."

Akachukua kikombe chake tena.

"Kwa hivyo kama kusomewa si kusoma, basi hata mimi sijasoma. Na mimi najua nimesoma. Cucu amemaliza, na mimi nimemaliza. Huyo mtu wa sufuria aambiwe asikuje."

Mama Shiro akasema kama ni hivyo yeye hana neno, na kwamba naye angependa kujua ni kurasa gani Njoki aliruka.

Baada ya hapo sikumbuki nani alisema nini, maana wote walisema kwa pamoja. Wakakatizana. Wakavutana. Mama Kibe akamwambia Wairimu kijitabu chake kingemwokolea siku mbili za ugomvi. Kabla hata sijaondoa sahani, mtu alikuwa ameshaleta kifuniko cha sufuria na vikaratasi vya mwezi ujao, na nilipotaka kusaidia kuvikunja nikaambiwa nikae nitulie.

Kama unajiuliza, hapana, hakuna upinde wowote uliotokea angani. Kulikuwa na mawingu ya kawaida ya Tetu, na sasa hata hayo siyaoni.

Miaka yote ile nilikuwa nikiwafungia watu vitabu, wanatoka navyo mlangoni, na sikuwahi kujua kilichowapata baada ya hapo. Leo wamerudi kuniambia.

Kesho ije ikipenda, lakini isije mapema.