Vidudu vya Mwanahawa Nilivyovitia Chumvi

Jumatatu, mwezi 9 Mfunguo Tano

Nimefagia ua. Nimekanda unga wa maandazi. Chupa za Mwanahawa ziko palepale chini ya kitanda, kaa yumo ndani ananikodolea macho.

Mwanangu huyu kaachika, karudi nyumbani, nikadhani atatulia ashone kofia. Wapi! Anamfanyia kazi yule mwanamke wa Kizungu, watoto wanamwita Bibi Kombe. Kasomea wanyama wa pwani huko kwao, ndiyo kazi ya maisha yake, na mshahara anapewa. Matope mpaka kwenye nyusi. Sasa anamfundisha wangu.

Jumanne ya wiki ijayo Bibi anakwenda Mafia na meli, kuchunguza chini ya bahari. Kasema chupa za wanyama ambazo Mwanahawa kakusanya peke yake zikiwa sawa, atamchukua awe msaidizi wake. Zikiwa ovyo, basi.

Naogopa asichukuliwe. Naogopa achukuliwe.

Jumanne, mwezi 10

Tukichambua mchicha kanieleza kazi yenyewe. Wanavuta kamba kutoka mchanga mkavu mpaka maji yanapokomea. Juu ya kamba wanalaza mraba wa ubao, hapa, kisha pale, kisha kule, wanaandika aliyemo ndani. Kumbe kila mnyama ana mtaa wake! Konokono wadogo wako juu kwenye jua kali. Kaa katikati. Jongoo bahari chini kabisa, kusikokauka.

"Kama mjini tu, mama. Uzunguni kwao, Uhindini kwao, sisi Kariakoo."

Nikamuuliza nani kawapangia. Kasema jua na maji.

Afadhali wao.

Alhamisi, mwezi 12

Hitma ya marehemu baba yake ilikuwa leo alasiri. Mwanahawa katoka tangu asubuhi. Nafagia chumbani, nasikia harufu. Kifuniko kimoja kimelegea. Spiriti! Chumba kizima kinanuka kama kilabu cha pombe, na wazee wako njiani na misahafu yao.

Nimemwaga yote chooni, chupa zote. Wale wanyama nikawaonea huruma, wataoza. Nimewaosha vizuri, nimewatia chumvi na manjano, nimewapanga kwenye ungo, nikawaanika juu ya paa kama samaki wa ng'onda. Vikaratasi vilivyokuwa ndani ya chupa vimekwenda na maji.

Hitma imesomwa vizuri. Nimejiona mwerevu.

Ijumaa, mwezi 13

Nimeiharibu kazi ya mwanangu.

Kapanda juu ya kinu, kachungulia paani. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kashuka, kakaa chini, miguu kainyoosha kama mfiwa. Nikamwambia lakini hawajaoza, tazama walivyokauka. Kasema vile vikaratasi ndivyo vilivyokuwa vinasema nani katoka mtaa gani.

"Bila hivyo, mama, hiki ni kitoweo tu."

Jirani yetu Bi Tatu, ambaye sikio lake liko ukutani saa zote, akadakia huko kwake: "Na kitoweo chenyewe nani atakila? Jongoo!"

Mwanahawa kacheka. Kidogo, lakini kacheka. Nimemshukuru Mungu.

Kesho maji ya bamvua yanaanza, bahari itakauka mpaka mbali. Nimesema tutakwenda kuwaokota upya, sote.

Jumamosi, mwezi 14

Bi Tatu kaleta wanawake wa mtaa mzima na matenga. Kwa miguu, Mnazi Mmoja mpaka pwani ya Upanga, nyimbo njia nzima. Kuokota pwani nani asiyejua? Tumezaliwa nako. Na ndiyo ikawa balaa. Kila mtu kazoa anachokiona. Matenga yamejaa.

Mwanahawa kashika kaa, kauliza huyu katoka wapi.

"Baharini," kasema Bi Tatu. "Ulidhani Kariakoo sokoni?"

Yote bure. Kawarudisha majini. Imebaki kesho tu.

Alasiri nimevaa buibui nikaenda Mchafukoge kununua spiriti. Mie! Yule Mshihiri mwenye duka kanitazama juu mpaka chini.

"Mama Mwanahawa, na wewe umeanza?"

Nikamwambia ni ya jongoo.

"Ala! Jongoo wako anakunywa?"

Kacheka mpaka kajishika meza. Nimetoka dukani jasho linanitoka, lakini spiriti nimeipata. Nimeiweka uani, nimeifunika turubali. Ndani haiingii.

Jumapili, mwezi 15

LEO! Leo leo leo.

Mwanahawa kavuta kamba. Kampanga kila mwanamke mahali pake, kampa na mraba wake. Huu ndio mtaa wako, kasema, usihame, usiazime, ukiona mnyama niite. Sauti hiyo sijawahi kuisikia kwake. Wakubwa zake wote wamekwenda walipopangwa, isipokuwa mmoja.

"Yaani mie nikae pakavu na konokono, mwenzangu apewe penye pweza?"

"Shangazi, bila wewe huko juu kamba haina kichwa."

Kwisha. Bi Tatu kakaa kama mke wa liwali.

Mie nimepangiwa mwisho kabisa, maji magotini. Nimeligeuza jiwe polepole. Mawe haya nimeyakanyaga tangu utoto, sikujua! Kaa mwenye manyoya. Minyoo myekundu, myembamba kama uzi wa cherehani. Kiti cha pweza, yule wa ncha tano, mdogo kama ukucha wangu, na anatembea! Nimepiga ukelele, Mwanahawa kaja mbio akidhani nimechomwa na samaki. Nikawa naonyesha tu kwa kidole.

Kaandika, katia chupani wale aliowataka. Kisha kaniambia nirudishe jiwe kama lilivyokuwa, waliobaki ndiyo nyumba yao. Nikarudisha kwa mikono miwili.

Tumefanya hivyo mpaka maji yakatufukuza. Sijafurahi hivi tangu nilipomzaa.

Jumatatu, mwezi 16

Kapeleka chupa kwa Bibi Kombe, kazini kwake mtaa wa Gerezani. Nimekaa kizingitini. Maandazi yameungua, yote.

Karudi adhuhuri. Uso hausemi kitu. Kasema kamweleza Bibi kila jambo, chumvi, manjano, hata ungo. Nikataka ardhi inimeze. Bibi kafungua chupa moja moja, kasoma vikaratasi, kamuuliza maswali mpaka koo likamkauka. Mwisho kauliza: "Unao mkeka wa kulalia melini?"

Nimepiga kigelegele mpaka Bi Tatu kaja na mwiko mkononi, ugali unaungua kwake.

Jumanne, mwezi 17

Kaondoka. Nimemfungia tangawizi ya kichefuchefu. Wana chombo cha chuma cha kukwangua chini ya bahari, kinashushwa kwa kamba. Nimemuuliza kamba ina urefu gani. Kasema, mama, usiulize.

Nimelia. Nimecheka. Nimelia tena.

Jumamosi, mwezi 21

Manyunyu tangu alfajiri. Maandazi yametoka mapema.

Mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani kapita kununua. Kauliza mbona Mwanahawa haonekani, kaolewa tena? Nikasema hapana, yuko kazini.

Kasema aa. Kachukua maandazi yake, kaenda zake.

Yuko kazini. Nimeingia ndani, nimerudishia mlango, nikalisema tena peke yangu.